Ujira na Thawabu: Juu ya Kumlipa Mkazi Asafishe Ufuo Wake

Katika fuo nyingi za Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Kilifi hadi Unguja na Dar es Salaam, usafi wa pwani hufanywa kwa njia mbili zinazokaa pamoja bila kupatana. Ya kwanza ni ya kujitolea: wanafunzi, waumini wa msikiti au kanisa fulani, wafanyakazi wa benki au wageni wa hoteli hukusanyika asubuhi moja, huokota chupa, vifuniko, kandambili na nyavu chakavu, hupiga picha, kisha hutawanyika. Ya pili ni ya malipo: wakazi wa kijiji kilicho karibu na ufuo huajiriwa kwa kibarua cha kila siku au kila wiki, na fedha hutoka kwa wenye hoteli, kwa mashirika au kwa serikali, kama inavyofanyika Watamu, katika kaunti ya Kilifi, ambako bahari imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968 na ambako michango ya hoteli imekuwa ikiwalipa wakazi wanaosafisha mchanga. Swali linalozuka hapo linaonekana kuwa la bajeti tu, lakini ndani yake mna jambo zito zaidi, nalo ni kama inafaa kumlipa mtu kwa tendo ambalo dini yake na ujirani wake vilikwisha kumtaka alifanye.

Uzito wa swali hili hauwezi kueleweka bila kukumbuka mahali tendo lenyewe lilipowekwa katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo ndiyo yaliyolea maadili ya sehemu kubwa ya pwani hii. Hadithi iliyopokewa na Muslim huihesabu imani kuwa na matawi sabini na kitu, na tawi la chini kabisa katika hayo ni kuondoa udhia njiani, yaani kukiondoa kitu chochote kinachoweza kumdhuru au kumkera mpita njia. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba tawi hili, ijapokuwa limewekwa chini, limo ndani ya mti uleule ambao kilele chake ni shahada. Kwa hiyo anayeokota kigae cha chupa mchangani kabla mtoto hajakikanyaga hafanyi kazi ya manispaa tu bali ameshika sehemu ya imani, na thawabu yake, ambayo ni malipo yanayotarajiwa kwa Mungu peke yake, hutegemea nia. Hapo ndipo shaka huingia, kwa kuwa mtu aliyekwisha kutia shilingi mfukoni kwa tendo hilo anaweza kuonekana ameuza alichopaswa kukitoa, na aliyemlipa anaweza kuonekana ameiharibu ibada ya mwenzake kwa kuitia bei.

Shaka hiyo haiko kwa watu wa dini pekee. Mwaka 1970 msomi wa Uingereza Richard Titmuss alitoa kitabu kuhusu uchangiaji wa damu, akidai kwamba kuinunua damu hupunguza ari ya wanaoitoa bure na kuishusha damu yenyewe ubora, na baada yake wachumi walikusanya mifano ya hali ambamo fedha hufukuza wema badala ya kuuongeza. Mfano unaotajwa mara nyingi unatoka katika kijiji cha Wolfenschiessen, Uswisi, ambako Bruno Frey na Felix Oberholzer-Gee waliwauliza wakazi, mwaka 1993, kama wangekubali taka za nyuklia zihifadhiwe kijijini kwao: asilimia 50.8 walikubali walipoulizwa kama raia, lakini walipoahidiwa fidia ya fedha kila mwaka, waliokubali walishuka hadi asilimia 24.6. Wajibu uliokuwa ukiwapa fahari uligeuka mara moja kuwa biashara, na biashara hiyo wengi hawakuitaka.

Utafiti huu ni wa maana, ila hauwezi kubebwa mzima na kutuliwa Kilifi. Wakazi wa kijiji kile cha Uswisi walikuwa na riziki zao, na fidia ilikuwa ni nyongeza juu ya shibe. Mwanamke wa pwani anayeinama mchangani kwa saa nne ameacha nyuma yake chaza wa kuokotwa wakati wa maji kupwa, makuti ya kusukwa au mihogo ya kukaangwa, na kila saa anayoitoa bure inatoka katika chungu cha nyumba yake. Kudai kwamba asilipwe ili nia yake ibaki safi ni kumtoza yeye gharama ya usafi wa nia, huku anayefaidika na mchanga mweupe, kwa kawaida mwenye vitanda vya kukodisha, akibaki bila ya kutozwa chochote. Dini yenyewe haikumwomba maskini kitu hicho. Mafundisho yaleyale yanayosifu kuondoa udhia ndiyo yanayoamuru mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Upande wa Ukristo mambo ni vivyo hivyo, kwani Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, aliitetea kwa urefu haki ya mhubiri kulishwa kwa kazi yake, kisha akachagua yeye mwenyewe kutoitumia haki hiyo, na uchaguzi wake ulikuwa na thamani kwa sababu haki ilikuwapo kwanza.

Tena historia ya eneo hili inatosha kumtahadharisha yeyote anayedhani kwamba kazi isiyolipwa ni njema kwa vile tu haikulipwa. Ujima, yaani desturi ya wanakijiji kulimiana na kujengeana kwa zamu bila ya fedha, ulikuwa na heshima yake kwa sababu kila aliyetoa mkono leo alijua atapewa mikono mingi kesho. Lakini mashamba ya pamba ya pamoja yaliyoanzishwa mwaka 1902 chini ya gavana wa Kijerumani von Götzen, katika Tanzania Bara ya leo, yaliiga sura ya ujima na kuutoa roho: watu walilazimishwa kulima, malipo ya mwisho wa msimu yakawa duni kiasi kwamba baadhi yao waliyakataa, na uchungu huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha vita vya Maji Maji mwaka 1905. Leo hii Rwanda ina umuganda, kazi ya jumuiya ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ambayo ni wajibu wa kisheria na ambayo imeiweka nchi safi kwa namna inayosifiwa na kila mgeni. Hata hivyo kinachofanywa kwa kuogopa faini kinahitaji jina jingine mbali na kujitolea, na ni afadhali kulisema wazi kuliko kukiita sadaka.

Iwapo basi malipo hayakatazwi, na kazi ya bure haina utakatifu wa peke yake, inabaki kuulizwa fedha hununua nini hasa pale mkazi anapolipwa. Jibu bora linapatikana katika maandishi ya zamani kuliko mijadala ya wachumi wa sasa, nayo ni kazi ya Abu al-Hasan al-Mawardi, mwanafikihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka 1058, aliandika kitabu kuhusu hukumu za utawala, na ndani yake akaeleza hisba, yaani jukumu la kuamrisha mema na kukataza maovu katika maisha ya hadharani, ikiwa ni pamoja na mizani ya sokoni, njia zilizozibwa, maji ya mji na majengo yanayotaka kuanguka. Mtu aliyeteuliwa kuisimamia huitwa muhtasibu, lakini kila Muislamu anaweza kuifanya kwa hiari yake, na Mawardi alijiuliza tofauti iliyopo kati ya wawili hao wanaofanya tendo lilelile. Akazihesabu tofauti tisa.

Baadhi ya tofauti hizo zinaligusa suala la ufuo kana kwamba ziliandikwa kwa ajili yake. Kwa anayejitolea, tendo ni fardhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima ambao wakiutekeleza baadhi ya watu huwaondokea waliobaki. Kwa aliyeteuliwa, tendo hilohilo limekuwa fardhi aini, wajibu wa mtu binafsi usiobebwa na mwingine. Anayejitolea anaweza kuacha na kushughulika na jambo jingine. Aliyeteuliwa hana ruhusa hiyo. Aliyeteuliwa amewekwa ili watu wamwendee na malalamiko yao na ni lazima awasikilize, ilhali anayejitolea hadaiwi jibu. Na karibu na mwisho wa orodha, Mawardi anasema kwamba muhtasibu anaweza kupewa riziki, yaani posho ya kujikimu kutoka baitulmali, ambayo ni hazina ya umma, na anayejitolea hawezi.

Ukizisoma tofauti hizi kwa pamoja inaonekana kwamba riziki hailipi wema wa tendo, kwa kuwa wema ni uleule kwa wote wawili. Inalipa kule kuondolewa uhuru wa kutokuja. Mwanafunzi aliyekuja kuokota taka Jumamosi moja amefanya jema, lakini Jumatatu ufuo ukijaa upya hakuna awezaye kumuuliza alikuwa wapi. Mkazi anayelipwa ameahidi kuwapo Jumatatu, na Jumanne, na siku ya upepo wa kusi ambapo bahari inatapika zaidi ya inavyomeza, na ahadi hiyo ndiyo inayompa kila mpita njia haki ya kulalamika. Kwa maneno mengine, malipo yananunua uwajibikaji, na nia inabaki mali ya mwenyewe. Anaweza kupokea riziki yake na bado akaondoa udhia kwa ajili ya Mungu, kama ambavyo mwalimu wa chuo anayelipwa na wazazi hafikiriwi kuwa ameuza Kurani. Wanafikihi walibishana sana juu ya mwalimu huyo na juu ya mwadhini: Shafi mwenyewe alipenda waadhini wawe wa kujitolea na hakuona sababu ya kuwalipa pale wanapopatikana watu waaminifu wa kujitolea, lakini hakuuacha msikiti bila adhana kwa kukosekana kwao, na imepokewa kwamba khalifa Uthman aliwapa waadhini riziki.

Kwa kipimo hiki kinachostahili lawama si ujira bali ile desturi ya katikati ambayo imeenea sana, ambapo mkazi huitwa mtu wa kujitolea, hupewa fulana, chupa ya maji (ya plastiki, mara nyingi) na posho ndogo ya nauli, kisha hana mkataba wala uhakika wa wiki ijayo. Huyu amepokea fedha bila ya kupewa nafasi, na jamii haiwezi kumdai kwa kuwa haikumteua. Aliyempa posho amepata kazi kwa bei ya chini kuliko soko na sifa ya ukarimu juu yake.

Namna ya kulipa nayo ina hukumu zake. Fikihi hutofautisha ijara, yaani mkataba wa kukodi kazi kwa muda au kwa kiwango kinachojulikana, na juala, ambayo ni ahadi ya zawadi kwa atakayeleta tokeo fulani, kwa mfano kumrudisha mnyama aliyepotea. Katika juala mtu halipwi kwa kuhangaika, hulipwa akishakileta kitu. Miradi mingi ya pwani hupenda mtindo unaofanana na juala, kwa kuwalipa watu kwa kilo ya plastiki iliyofikishwa kwenye mizani, na mtindo huo una faida ya kutokuhitaji msimamizi. Lakini juala inafaa pale penye mwisho, na ufuo hauna mwisho, kwa kuwa maji yakijaa usiku hurudisha yaliyookotwa mchana. Zaidi ya hayo mizani haioni madhara: boksi moja la povu jeupe la kuhifadhia samaki halina uzito wa kutajwa, ila likivunjika hutoa punje maelfu ambazo kasa na samaki huzidhani chakula, na chandarua chenye maji kina kilo nyingi kuliko mfuko mzima wa mirija. Anayelipwa kwa kilo hafanyi kosa akikikimbilia kizito na kukiruka chepesi. Kosa ni la aliyeandika mkataba. Ijara ya muda na ya eneo, kwa mfano kipande cha mchanga kutoka mwamba huu hadi mkondo ule kwa siku tano za wiki, inakaribia zaidi riziki ya Mawardi, kwa sababu inamfanya mtu kuwa mlinzi wa mahali.

Kuna hatari nyingine iliyojificha zaidi, nayo ni kwamba anayelipa ndiye anayeamua uchafu ni kitu gani. Kwa mwenye hoteli, majani ya bahari yanayoletwa na mawimbi, yakilala mchangani na kuoza kwa harufu yake kali, ni takataka zinazofukuza wageni, na wafanyakazi wake huyakwangua kila alfajiri. Kwa ufuo wenyewe majani hayo ni kinga inayoushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, na ni makazi ya wadudu wanaoliwa na kaa na ndege. Mary Douglas, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alieleza mwaka 1966 kwamba uchafu ni kitu kilicho mahali pasipo pake, maana yake ni kwamba kila hukumu ya uchafu hutanguliwa na picha ya mpangilio ulio sawa. Na picha ya ufuo wa kwenye tangazo la utalii si picha ya mvuvi. Kisiwani Misali, upande wa magharibi wa Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990, wavuvi, viongozi wa dini na wahifadhi walikaa pamoja kuzungumzia matumizi ya bahari kwa misingi ya Kurani, hasa dhana ya ukhalifa, kwamba mwanadamu ni mwangalizi wa ardhi na si mmiliki wake. Thamani ya mazungumzo ya namna hiyo ni kwamba mpangilio ulio sawa unaamuliwa kabla ya fedha kufika, na wanaouamua ni wale watakaobaki hapo msimu wa wageni ukiisha.

Inabaki hali ya wale wasiolipwa na wasiookota. Nadharia ya fardhi kifaya ina mlango ambao uvivu unaweza kupitia: wakipatikana wa kutosha, wengine wamesamehewa, na palipo na walinzi wanaolipwa ni rahisi kwa mfanyabiashara wa mihogo, dereva wa bodaboda na familia iliyokuja kuogelea Sikukuu ya Idi kuona kwamba chupa yao imekwisha kulipiwa mtu wa kuiokota. Hoja hii ina kasoro ya wazi. Fardhi kifaya inayoondoka ni ile ya kusafisha. Marufuku ya kuchafua haijawahi kuwa kifaya, ni ya kila mmoja, na hakuna riziki ya mwingine inayoweza kuibeba. Siku ya tarehe 9 Desemba 2015, rais John Magufuli wa Tanzania alipofuta sherehe za uhuru na kuifanya siku ya usafi, naye akaonekana akiokota taka kwa mikono karibu na soko la samaki la Feri, watu wengi waliliona tendo hilo kama somo la kuokota. Lingefaa kusomwa pia kama swali kuhusu aliyezitupa. Kenya nayo ilianzisha mpango wa Kazi Mtaani mwaka 2020, ukiwalipa vijana wa mitaa ya kipato cha chini, Mombasa ikiwamo, shilingi 455 kwa siku katika awamu yake ya pili, lakini ujira huo nao haukulijibu swali hilo.

Kuhusu anayepaswa kutoa fedha, Mawardi tena ana la kusema: baitulmali ikiwa tupu na maji ya mji au kuta zake zikaharibika, mzigo wa matengenezo huwaangukia wenye uwezo kwa jumla, bila ya kumtaja mmoja wao. Kanuni ya fikihi iliyoingizwa baadaye katika Majalla, mkusanyiko wa sheria za Dola ya Othmani wa karne ya 19, huongeza kwamba gharama humfuata mwenye faida. Azimio la Rio la mwaka 1992 lilifika karibu na hapo kwa njia nyingine, lilipotamka katika kanuni yake ya 16 kwamba mchafuzi ndiye abebe gharama ya uchafuzi, na sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka inawawajibisha wazalishaji kwa bidhaa zao hata baada ya kutumika. Hoteli inayolipa kwa hiari yake inastahili shukrani, lakini mwenye kiwanda cha vinywaji anayepeleka mchango uleule hatoi sadaka. Analipa sehemu ya deni, na haifai apewe cheti.

Ugumu wa kweli uko kwa taka zisizo na mwenyewe anayejulikana, kwa kuwa mikondo ya Bahari ya Hindi huleta katika fuo za mbali na miji chupa zenye maandishi ya nchi za Asia, na mkazi anayeziokota anafanya kazi kwa niaba ya mtu asiyemwona. Fikihi ina mlango wa karibu na hali hii, mlango wa kitu kilichookotwa: aliyempata mnyama wa mwenziwe akamlisha bila ya kumjulisha kadhi wala kushuhudisha huhesabiwa, kwa wanafikihi wengi, kuwa amejitolea, na hana la kudai mwenyewe akitokea, ilhali aliyepata idhini ya kadhi anaweza kurudishiwa alichotumia. Katika fuo kadhaa duniani vikundi vya usafi sasa huhesabu chapa za chupa na vifuniko, na kuandika tarehe, mahali na jina la kampuni kabla ya kuvipeleka kwenye urejelezaji. Kazi hiyo huchosha, huongeza saa za kulipiwa, na wafadhili wengi hawaioni kuwa ni usafi. Lakini kwa hukumu ya mlango huo daftari lile ni ushahidi, na bila ya ushahidi mkazi wa Kilifi atabaki, mbele ya kampuni ya ng'ambo ya bahari, mtu aliyejitolea tu, hata kama amelipwa na hoteli ya jirani kila Ijumaa.